Sentimita Mbili Kutoka Kinenani

Mwaka 2003 Robert Min na wenzake wa New York walichapisha matokeo ya miguu 499 yenye vena zilizotuna, yote ikiwa imetibiwa kwa leza. Katika miguu 121 iliyofuatiliwa hadi miaka miwili, 113 ilikutwa vena yake bado imeziba kama ilivyokusudiwa. Na bonge la damu kwenye vena za ndani ya mguu? Hakupatikana mgonjwa hata mmoja.

Mwaka uliofuata Anil Hingorani na wenzake wa Brooklyn wakatoa tahadhari. Wao walitumia mawimbi ya redio, njia iliyo ndugu wa leza kwa kuwa nayo huunguza vena kwa joto. Kati ya miguu 73, 12 ilikutwa na bonge kwenye vena za ndani, na katika 11 kati ya hiyo lilikuwa limechomoza hadi ndani ya vena kuu ya paja. Miguu 12 kati ya 73 ni asilimia 16. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic nao wakaeleza habari za wagonjwa wao watatu wa leza waliopata jambo hilohilo. Mmoja ikabidi awekewe chujio la muda kwenye vena kubwa ya tumboni, bonge lisije likapanda mapafuni.

Kutoka sifuri hadi 16 kwa mia ni mbali mno kuwa bahati nasibu, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kuna aliyedanganya. Mengi yalitegemea mambo mawili: joto liliishia wapi, na nani alipiga picha ya mguu lini.

Tuanze na joto. Vena inayochomwa mara nyingi ni safena kubwa, inayopanda kutoka kwenye kifundo cha ndani cha mguu hadi kinenani, ambako inamwaga damu yake katika vena ya paja. Ndani yake mna vali za kuruhusu damu ipande na kuizuia isirudi. Zikilegea, damu hurudi chini, vena hutuna, mguu huuma na kuvimba jioni, na kwa wengine ngozi ya karibu na kifundo hubadilika rangi, hatimaye ikatoka kidonda kisichopona. Kwa karibu karne nzima dawa yake ilikuwa kuing'oa: mgonjwa hulazwa usingizi, vena hukatwa kinenani, huvutwa kwa waya na kutolewa nje. Leza haing'oi kitu. Inaiunguza vena ikiwa palepale ilipo mpaka kuta zake zinyauke na kushikana, kisha mwili unaimeza polepole.

Kazi yenyewe hufanyika daktari akitazama skrini ya ultrasaundi. Safena ikikatwa kwa picha ya upana huonekana kama jicho: duara jeusi katikati, na tabaka mbili za utando zinazokutana pembeni kama kope. Vena hutobolewa kwa sindano karibu na goti, na uzi mwembamba wa kioo hupitishwa ndani hadi karibu na kinena. Halafu inakuja hatua ambayo wagonjwa huikumbuka kuliko leza yenyewe: ganzi. Maji baridi ya chumvi yaliyochanganywa na lidokeini, mara nyingi na adrenalini kidogo, hudungwa kuizunguka vena kwa urefu wake wote. Yanaondoa maumivu, yanaikinga ngozi na neva zisiungue, na yanaibana vena hadi kuta zake ziukumbatie uzi. Kitanda huinamishwa upande wa kichwa ili damu itoke mguuni. Damu ikibaki nyingi ndani, ndiyo itakayochemka badala ya ukuta wa vena, na damu iliyochemka ni donge. Baada ya hapo leza huwashwa na uzi huvutwa taratibu kurudi chini, kila sentimita ya vena ikipewa nguvu ya takriban jouli 60 hadi 100.

Sasa angalia ncha ya ule uzi. Ikiachwa mbali mno na kinena, kipande cha juu cha vena kitabaki wazi na ugonjwa utarudi kupitia hapo. Ikisogezwa karibu mno, joto litafika kwenye maungio na vena ya paja, na donge linaloziba safena litaota mkia unaoning'inia katika mkondo mkuu wa damu. Waanzilishi waliiacha ncha sentimita moja hadi mbili kutoka kwenye maungio. Baadaye sentimita mbili zikawa kanuni, na mwaka 2013 watafiti wa New York wakaonyesha kwamba kusogea hadi mbili na nusu kulionekana kupunguza zaidi mikia hiyo. Nusu sentimita! Ndiyo maana daktari makini huipima ile nafasi mara ya pili baada ya kudunga ganzi, kwa sababu ganzi na kuinamisha kitanda vinaweza kuisogeza ncha bila yeye kujua.

Lowell Kabnick, daktari wa mishipa wa Marekani, ndiye aliyelipatia bonge hili la joto jina lake la kitaalamu na kulipanga katika madaraja manne. La kwanza linaishia mlangoni, halijaingia kwenye vena ya paja. La pili limeingia, lakini limeziba chini ya nusu ya upana wake. La tatu limevuka nusu. La nne limeiziba yote, na hilo hutibiwa kama bonge lolote la vena za ndani. Mwongozo wa Marekani unaofuata mpango huu hauna haraka ya dawa: daraja la kwanza huachwa, la pili kwa kawaida hufuatiliwa kwa picha kila wiki hadi lisinyae, dawa ikifikiriwa kwa mwenye hatari kubwa zaidi, la tatu hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kilichowapa madaktari ujasiri huo ni tabia ya bonge lenyewe. Limeshikana na ukuta uliounguzwa, na mara nyingi hurudi nyuma lenyewe ndani ya wiki chache. Bonge linaloanzia kwenye vena za kigimbi kwa sababu damu imetuama lina tabia nyingine kabisa.

Hapo ndipo zile asilimia 16 zinapopungua makali. Brooklyn waliyahesabu mabonge yaliyochomoza kutoka kwenye vena iliyochomwa, tena waliyatafuta kwa ultrasaundi. Anayemngoja mgonjwa arudi akilalamika atayaona machache. Upasuaji wa zamani nao una habari yake. Mwaka 2004 timu ya van Rij huko New Zealand iliwapiga picha wagonjwa 377 waliofanyiwa upasuaji wa vena zilizotuna, ikakuta mabonge kwa 20, zaidi ya asilimia 5, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Miaka yote hiyo watu waling'olewa vena na mabonge yalikuwepo. Hakukuwa na aliyeyatafuta.

Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 52 zenye wagonjwa zaidi ya 16,000 ulitoa picha iliyotulia: mabonge ya joto ya daraja la pili hadi la nne, asilimia 1.4, mabonge ya kweli ya vena za ndani, asilimia 0.3, yaliyofika mapafuni, asilimia 0.1. Kwa hiyo tiba hii naiona salama, na mtu mwenye kidonda cha mguu asiikimbie kwa hofu ya kuganda damu. Uingereza iliiweka mbele ya kisu katika mwongozo wake wa Julai 2013.

Lakini hicho ni kiwango cha wastani. Aliyewahi kuganda damu mguuni, mwenye saratani, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mwenye sikoseli, mnene kupita kiasi, au aliyejifungua majuzi anaingia chumbani na hatari yake mwenyewe kabla leza haijawashwa. Hawa ndio wanaostahili kupigwa picha mapema baada ya tiba. Kwa mtu wa kawaida asiye na dalili, miongozo mipya ya Marekani haitaki tena kipimo hicho kifanywe kama desturi: hugundua vijibonge visivyo na madhara, mgonjwa akaishia kumeza dawa za kuzuia damu kuganda asizozihitaji, nazo zina hatari yake ya kutokwa damu.

Na je, sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakati wa tiba kwa kila mtu? Madaktari hawajakubaliana. Uingereza imeanzisha jaribio kubwa liitwalo THRIVE, linalolenga washiriki 6,660, kulitafutia jibu swali hilo. Ukubwa wake unaeleza tatizo: tukio likitokea kwa wachache katika kila elfu, huwezi kulipima kwa wagonjwa mia mbili.

Jambo moja linawagusa wasomaji wetu zaidi ya wale wa London. Wapo wanaosafiri kwenda India kutibiwa, na tiba ya leza, kwa kuwa mtu hutembea saa hiyohiyo, hushawishi kukata tiketi ya kurudi kesho yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi huongeza hatari ya bonge karibu mara mbili, hata kwa mtu ambaye hakuchomwa chochote. Mumbai hadi Nairobi au Dar es Salaam ni zaidi ya saa hizo. Muulize daktari kuhusu safari kabla hujalipia tiketi, na mtajie kila dawa unayotumia, vidonge vya uzazi wa mpango vikiwemo. Asipokuuliza kama wewe au ndugu yako aliwahi kuganda damu, mwambie wewe.

Michubuko na kukazika kwa paja kwa wiki moja au mbili ni kawaida, na kutembea kila siku ni sehemu ya tiba. Mguu wote ukivimba, kigimbi kikiuma na kuwa kigumu, au ukishikwa ghafla na kubanwa kwa pumzi, kichomi kifuani au kikohozi cha damu, usingoje miadi yako. Nenda hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, na neno la kwanza kwa atakayekupokea liwe kwamba vena yako ya mguu imechomwa kwa leza, na lini.