Gharapuri: Kitabu Kilichong'olewa Jalada

Boti kutoka Gateway of India, Mumbai, huchukua kama saa moja. Ukishafika kisiwani kuna ngazi za kupanda, wachuuzi kila upande, na nyani wanaovizia mfuko wako. Watu wote wanauliza swali moja: Trimurti iko wapi? Nami niliuliza hivyohivyo. Sasa naona lilikuwa swali la msomaji mvivu.

Jina hilo linapotosha. Eti nyuso zile tatu, zenye kimo cha karibu mita 6, ni Brahma, Vishnu na Shiva. Wataalamu wengi wanasema sivyo: zote ni za Shiva. Wa kati umetulia, macho yamefumbwa. Wa kushoto una masharubu na ghadhabu. Wa kulia ni laini, wa kike, na ua la yungiyungi mkononi. Ukizisoma kama miungu watatu, unapata orodha tu. Ukizisoma kama mmoja, unakuta ghadhabu na upole vimekaa kifua kimoja, kama vinavyokaa ndani yetu.

Na ukuta wenyewe unashuhudia. Kushoto, Shiva ni nusu mume nusu mke. Kulia, anaupokea mto Ganga kwa nywele zake usije ukaivunja dunia. Kwingine anamwoa Parvati. Kwingine anamuua Andhaka. Anayepiga picha za nyuso tatu na kukimbilia boti amesoma ukurasa mmoja.

Nani alichonga? Hatujui. Pango kuu hukadiriwa kuwa la karne ya 6. Mwanahistoria Mreno, Diogo do Couto, aliandika kwamba jiwe lenye maandishi liliondolewa mlangoni likapelekwa Ureno, ambako hakupatikana wa kulisoma. Likapotea. Wareno haohao, waliotujengea Fort Jesus pale Mombasa, ndio waliokiita kisiwa Elephanta, kwa sababu ya tembo wa jiwe waliyemkuta. Wenyeji husema Gharapuri.

Basi hiki ni kitabu kilichong'olewa jalada, kikabandikwa jina na mgeni, kikavunjwa mikono na miguu. Na bado kinasomeka! Sisi tunaopenda kuuliza kwanza mwandishi ni nani, tujaribu kusoma hivi mara moja: simama mbele ya kila ukuta kabla ya kuuliza jina lake.

Ila usiende Jumatatu. Panafungwa.