Mwongozo Unaokwenda na Mitambo

Katika miradi ya programu huria, badiliko la msimbo halipokelewi kwa kuaminiana tu. Mtu akilituma, seva hulichukua, huijenga programu upya, huendesha majaribio, kisha huweka tiki ya kijani au alama nyekundu. Mitambo hii ya majaribio hubadilika mara kwa mara, na kila inapobadilika hubaki nyuma ukurasa wa mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya mtambo wa jana. Wapo watu waliojitwika kazi ya kuhakikisha ukurasa huo haumpotezi mgeni. Nawavulia kofia.

Uhamaji mkubwa ulitokea mwaka 2020 na 2021. Kwa miaka mingi miradi huria chungu nzima ilitegemea Travis CI, huduma iliyoanzia Berlin na ambayo haikuwatoza chochote. Mwaka 2019 ikanunuliwa na kampuni ya Idera, Novemba 2020 ukatangazwa utaratibu mpya wa malipo, na Juni 2021 travis-ci.org ikafungwa. GitHub Actions, mtambo wa majaribio wa GitHub yenyewe, ilikuwa imeshafunguliwa kwa wote, na watu wakahamia huko. Faili la mipangilio, .travis.yml, likafutwa, jingine likazaliwa ndani ya .github/workflows. Maneno ndiyo yaliyochelewa kuhama.

Fundi wa mwongozo huanza kwa kusaka. Huandika git grep -i travis, kisha husoma kila mstari unaojitokeza: beji iliyo juu ya README inayotangaza hali ya ujenzi usiofanyika tena, aya inayomtuma mchangiaji kwenye kitufe kilichokwisha kuondolewa, maelezo yaliyojificha ndani ya skripti. Bado hajamaliza, maana yako maneno yanayohusu Travis bila kuitaja, kama ile sentensi inayomwambia mgeni asubiri alama mbili za kijani wakati sasa zinatokea saba. Na ziko picha za skrini. Picha haisakiki kwa neno, ndiyo maana mafundi wazoefu huziweka chache mno na huelekeza kwa maandishi kila inapowezekana.

Ujuzi wao huonekana zaidi katika mambo madogo. Mafaili ya mipangilio huandikwa kwa YAML, na YAML ikikuta toleo la Python kama 3.9 bila alama za kunukuu hulisoma kama namba. Kwa miaka hilo halikumdhuru mtu. Oktoba 2021 Python 3.10 ikatoka. Mtu aliyeongeza 3.10 kwa kufuata mfano uleule alikuwa amemwagiza mtambo Python 3.1, kwa kuwa katika namba ya desimali sifuri ya mwisho haina uzito. Mifano iliyokuwa sahihi siku ilipoandikwa ikageuka mitego bila herufi hata moja kuguswa. Fundi wa kweli hakuishia kuitilia 3.10 alama za kunukuu. Alizitia kwa matoleo yote, akaandika na sentensi fupi ya sababu, ili anayekuja baadaye asizidhanie pambo akazifuta.

Kuna suala zito zaidi: kipi kiandikwe na kipi kiachwe. Mradi wa Python ulihamia GitHub Februari 2017, na tangu hapo, kwa nyakati mbalimbali, umetumia Travis CI, AppVeyor, Azure Pipelines na GitHub Actions, huku Buildbot ikiendelea pembeni. Katika mwongozo wa watengenezaji wake, mchangiaji huelekezwa kuendesha majaribio kwenye kompyuta yake kwa amri ./python -m test. Amri hiyo haijali seva ni ya nani. Mwandishi anayeujenga ukurasa wake juu ya amri ya namna hiyo, na kuutaja mtambo pale tu mgeni anapoukuta uso kwa uso, amempunguzia mrithi wake kazi kubwa.

Zana zinasaidia. Sphinx, aliyoitengeneza Georg Brandl kwa ajili ya nyaraka za Python, inaweza kuliingiza faili halisi la mipangilio ndani ya ukurasa, ili mfano na ukweli visiachane. Ina pia linkcheck, inayogundua viungo vilivyokufa. Lakini haigundui kiungo kizima kinachompeleka msomaji kwenye maelezo ya zamani. Wala hakuna zana kati ya hizo iliyoweza kubisha hodi kuelekea mwisho wa mwaka 2022, jina ubuntu-latest lilipoanza kumaanisha Ubuntu 22.04 badala ya 20.04. Faili la mipangilio halikubadilika. Sentensi ya mwongozo iliyosema majaribio hufanyika kwenye 20.04 ndiyo iliyoacha kuwa kweli, na aliyeligundua hilo ni mtu anayesoma matangazo ya mitambo kwa bidii, huku akikumbuka alichokiandika na wapi.

Kabla badiliko lake halijaunganishwa, fundi huyu hunakili hazina ya msimbo upya kwenye folda tupu na kuyafuata maelekezo yake neno kwa neno, bila kutumia anachokijua. Mara nyingi hukwama mapema: iko zana aliyoisakinisha zamani, ambayo mwongozo haujawahi kuitaja. Huiandika mahali pake, hufuta folda, huanza tena.