Mugumo Karibu na TV
Vitabu vya bonsai vimeandikiwa watu wenye majira ya baridi: linda mizizi theluji ikija, halafu ngoja machipuko. Huku Meru na Embu hatuna msimu huo. Baridi yetu kali iko juu ya Mlima Kenya, na huja usiku. Panda njia ya Chogoria, ukikaribia mita 3,500 utakuta erika fupi, zimepinda, na hakuna aliyezifunga waya. Ukitoka hapo, bonsai ya mugumo sebuleni inakaa aje? Urembo tu. Mti ambao wazee walikataza usikatwe, sasa unapunguzwa matawi utoshee karibu na TV. Mimi sina shida na makasi. Shida ni haraka. Uache nje, jua na mvua viushike miaka 20, ndio tuuite sanaa.