Maji ya Kifuani Yanaporudi

Mzee wa Kiswere aliyejaa maji kifuani akifikishwa Hospitali ya Sokoine, Lindi, daktari anaweza kuyatoa kwa sindano, mzee akavuta pumzi na kurudi kwake. Chanzo kikiwa saratani, mara nyingi maji hujaa tena kabla mwezi haujaisha. Kwa mtu aliyekonda na kuishiwa nguvu, barabara humchosha kuliko sindano.

Jaribio la Uingereza liitwalo IPC-Plus, lililochapishwa mwaka 2018, lilitafuta namna ya kumpunguzia mgonjwa wa saratani kulazwa. Wagonjwa walitiwa mrija laini ubavuni, sehemu yake ikipita chini ya ngozi ili usichomoke, kisha wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Maji yalitolewa kwa siku 10. Ndipo uchujaji ukafanyika: waliobaki ni wale ambao mapafu yao yaliweza kutanuka. Hawa 154, kutoka vituo 18, waligawanywa kwa kura; baadhi walipewa gramu 4 za talki kupitia mrija uleule, wengine maji ya chumvi matupu. Talki huwasha tando mbili zinazozunguka pafu hadi zishikamane, maji yakose pa kukaa. Kufikia siku ya 35, tando zilikuwa zimeshikamana kwa asilimia 43 ya waliopewa talki, dhidi ya asilimia 23 ya wenzao.

Uchujaji ule ndio uliobeba kazi. Pafu lililonaswa, lisiloweza kutanuka, halifiki ukuta wa kifua, basi talki ishikamanishe nini?

Pwani ya kusini hatua ya kwanza ni nyingine: kutafuta kifua kikuu. Maji ya TB huisha kwa dawa za miezi sita, na ya moyo uliochoka kwa dawa za kukojoza. Kukimbilia mrija hapo ni kosa. Chupa za kuvutia maji nazo ni ghali. Hata hivyo Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, aliyetegemea kutolewa maji katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini humo alikwama. Mwenye mrija, ndugu yake akifundishwa usafi na kutozidisha lita moja kwa mara moja, hutolewa maji nyumbani.

Anayerudiwa na maji amwulize daktari mawili: yanatokana na nini, na je, pafu lilitanuka yalipotoka? Akiwa na mrija, homa au usaha visisubiri kesho.