R.E.M.: Je, Wimbo Usiosikika Maneno Una Maudhui?

Tumezoeshwa darasani kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, na mhakiki asipouona ujumbe husema kazi imepwaya. Hebu tuipime kauli hiyo kwa R.E.M., bendi ya roki ya Marekani iliyoundwa mwaka 1980 mjini Athens, jimbo la Georgia. Baadhi ya wanabendi walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha huko, wakaacha masomo. (Sisemi tuwaige!)

Albamu yao ya kwanza, Murmur, yaani mnong'ono, ilitoka mwaka 1983. Humo mwimbaji Michael Stipe anameza maneno, na sauti yake imezamishwa kati ya gitaa la Peter Buck na besi ya Mike Mills. Unasikiliza mara kumi unaambulia neno hapa na neno pale. Hata hivyo, jarida la Rolling Stone liliiteua kuwa albamu bora ya mwaka huo. Je, walipumbazwa?

Jamaa ninayekaa naye bwenini anasema ndiyo: msanii anayeficha maneno hana la kusema. Wengine humtetea Stipe kwamba anafumba. Kwa maoni yangu wote wamekosea. Fumbo lina jibu. Mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hapa hakuna jibu lililofichwa. Sauti ya mtu imegeuzwa ala, na maudhui yamo humo humo katika sauti: wasiwasi wa kijana asiyejua bado la kusema, lakini kunyamaza hawezi. Nani kati yetu haijui hali hiyo?

Sasa, jamaa hawa hawakubaki hapo. Mwaka 1988 waliihama kampuni ndogo ya I.R.S. wakaingia Warner Bros. Maneno yakaanza kusikika. "Losing My Religion" (1991), wimbo unaoongozwa na mandolini, uliwatangaza dunia nzima. Mwaka uliofuata ikaja "Everybody Hurts", ambamo lugha ni nyepesi kabisa: ni wito kwa aliyekata tamaa asijiondoe duniani. Wapo wanaodai kwamba huko ni kuuza usanii kwa mabepari. Ni kweli fedha zilikuwepo, tena nyingi. Lakini anayetaka kumzuia mwenzake asijiue hawezi kunong'ona. Maudhui yalibadilika, na fani haikuwa na budi kubadilika pia.

Ushahidi mwingine ni karatasi ya albamu. Kwa miaka mingi hawakuchapisha maneno ya nyimbo zao, isipokuwa wimbo mmoja katika Green (1988). Albamu ya kwanza kuchapishwa maneno yote ni Up (1998), ambayo pia ni ya kwanza baada ya mpiga dramu Bill Berry kuondoka mwaka 1997. Mimi nayasoma mambo hayo kwa pamoja: mapigo yalipopungua, maneno yalitakiwa kusimama yenyewe. Na tuseme ukweli, mengine hayakusimama. Walivunja bendi Septemba 2011 wakiwa na albamu 15, na kila nikirudi, narudi kwenye ule mnong'ono.

Kwa hiyo basi, kabla ya kuuliza kazi inasema nini, tuulize inasikikaje. Sisi tunaohakiki ushairi tumelisahau swali hilo mno. Tunachambua mashairi kimyakimya, kama risala. Anayebisha na aandike.