Titta Ruffo: Sauti ya Simba, na Kimya Chake

Wapenzi wa opera wakimtaja Titta Ruffo huanzia kwenye ukubwa wa sauti. Walimwita sauti ya simba, na ukisikiliza rekodi yake ya wimbo wa kunywa divai katika Hamlet ya Ambroise Thomas utawaelewa. Pumzi moja inapanda, inazunguka, inashuka, na jamaa haonyeshi hata dalili ya kuchoka. Si mchezo! Ila mimi naona tunamsifu kwa jambo lililo dogo kati ya mawili aliyoyafanya.

Ruffo alikuwa baritoni, yaani sauti ya kiume iliyo kati ya tenori na besi. Alizaliwa Pisa mwaka 1877 akaitwa Ruffo Cafiero Titta, majina ambayo jukwaani aliyapindua. Hilo la Ruffo baba yake alilitoa kwa mbwa wake wa kuwindia aliyekufa. Kijana alikulia kwenye karakana ya baba huyo akifua chuma. Aliingia chuo cha muziki cha Santa Cecilia, Rome, akaondoka bila kumaliza. Mwaka 1898 akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, sehemu ndogo tu ya mpiga mbiu katika Lohengrin ya Wagner. Miaka kumi baadaye alikuwa akiimba Hamlet kwenye ukumbi mpya wa Teatro Colón, Buenos Aires.

Sasa tusemezane ukweli. Sauti ile aliitumia bila kuiwekea akiba. Sikiliza kiapo cha kisasi cha Otello alichorekodi na Enrico Caruso Januari 1914. Kinasisimua, lakini Ruffo anaimba kama bado ameshika nyundo. Giuseppe De Luca, aliyefundishwa chuo kilekile, alikuwa na sauti ndogo zaidi, na mwaka 1947 alikuwa bado anaimba kuadhimisha miaka 50 ya kazi. Ruffo alifika Metropolitan ya New York mwaka 1922, ubora wake ukiwa umeshaanza kupungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaachana na opera.

Lakini kuna jambo la pili. Dada yake, Velia, aliolewa mwaka 1916 na Giacomo Matteotti, ambaye baadaye akawa mbunge wa Kisoshalisti. Mei 30, 1924, Matteotti alisimama bungeni akaeleza jinsi Wafashisti walivyotumia vitisho na udanganyifu kwenye uchaguzi. Juni 10 akatekwa mchana kweupe, akauawa. Ruffo alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la shemeji yake. Baada ya hapo akakataa kuimba Italia. Mwaka 1937 alichapisha kumbukumbu zake, La mia parabola, na mwaka huohuo serikali ya Mussolini ikamkamata. Alipoachiwa, pasipoti ikabaki kwao.

Wapo watakaosema mgomo huo haukumgharimu kitu: sauti ilishachakaa, na pesa ya Amerika ilikuwepo. Hoja hiyo ina uzito, lakini siikubali. Mwimbaji ambaye sauti inamtupa mkono ndiye hasa anayeihitaji nyumbani, kwa watu watakaompigia makofi hata kwa jina tu. Ruffo aliukataa mlango huo wakati ambao ungemfaa kuliko wakati wowote. Pietro Mascagni, mtunzi mashuhuri kumzidi, yeye alijiunga na chama mwaka 1932.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tatizo ni kwamba kimya hakirekodiwi, kwa hiyo orodha za "baritoni bora" hukiruka. Kwangu mimi kimo ndani ya kazi yake, sawa na Hamlet, na hakina ile pupa ninayoisikia kwenye Otello. Ruffo alifariki Milan mwaka 1953.

Msikilize, kisha uniambie: wewe ungempima kwa kipi?