Herufi za Burashi na Mkono wa Mtu

Kila namna ya herufi ina sauti yake, hata kabla maneno hayajasomwa. Iko moja iliyozoewa sana katika kadi za arusi na mbao za maduka: herufi nene, zilizoinama upande wa kuume, zashikana kana kwamba fundi amezichora sasa hivi kwa burashi na wino. Jina lake Brush Script. Mchoraji wake ni Robert E. Smith, nayo ilitolewa mwaka 1942 na American Type Founders, kampuni ya Marekani iliyosubu herufi za risasi.

Kwanza tuisifu. Herufi ya risasi ni kipande cha peke yake. Haina jirani mpaka mpanga chapa aiweke mahali pake. Smith alipanga mkia wa kila herufi ndogo ukome ukingoni, pale pale inapoanzia herufi ifuatayo. Basi a yapokea mkia wa k, na wa m vile vile, na neno zima laonekana limeandikwa kwa pumzi moja. Kazi hiyo si ndogo.

Lakini uzuri wake ni wa maneno machache. Mkono wa mtu haurudii jambo lile lile: burashi ikijaa wino mstari hunenepa, ikikauka hukonda. Chapa hurudia daima. Nasi tusomao Kiswahili twaligundua jambo hilo upesi, kwa kuwa lugha yetu yapenda kurudia vokali. Tazama neno Tunawakaribisha: zimo a nne, na zote nne ni pacha. Ndipo jicho litambuapo kuwa hapana mkono hapa. Wachoraji wa siku hizi wamepata dawa: herufi za kompyuta zaweza kuwa na a za maumbo mawili au matatu, zikapokezana zenyewe.

Kosa lililo kubwa zaidi ni letu tuitumiao. Herufi zake kubwa zilifanywa zitangulie ndogo, kama baba mbele ya watoto. Zenyewe kwa zenyewe hazishikani. Aandikaye jina zima kwa herufi kubwa hupata mikia iliyotatizana tu. Na aandikaye hivyo tangazo zima la maziko, siku na saa na mahali, humlazimisha mzee mwenye macho hafifu kumwomba mjukuu wake amsomee. Tangazo hilo limepambwa bure, maana limemnyima habari yule aliyetangaziwa. Tena msiba hautaki herufi zichezazo.

Shauri langu ni hili. Herufi za burashi zipewe majina ya bwana arusi na bibi arusi, au salamu moja juu ya kadi. Siku, saa na mahali viandikwe kwa herufi za kawaida zilizosimama wima, ili kila aalikwaye asome mwenyewe na kufika kwa wakati.